Mke wa Shakivale

Kabla ya kuingia bandani kwake nilikuwa navaa koti la kijani lenye kiraka begani, lile lile kila siku, hata likiwa bichi. Nikivaa jingine alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Halafu nilikuwa navaa kofia. Ilikuwa ya mpira mweusi, nzito, yenye mfereji kuzunguka ukingo wake. Chini yake nilikuwa nafunga leso ili isinichubue.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati. Nilifungua mlango, nikainama kama anavyopenda, nikaita kwa sauti ya kooni ambayo alinifundisha mwenyewe. Shakivale wangu, ndege wa jamii ya tai, alikuwa kwenye gogo lake. Mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu kama bati lililoota kutu. Aliinama naye, akaitika. Kisha akaruka, akatua juu ya kofia, mabawa yakanifunika masikio.

Nilisimama nimeshika pumzi. Haikuchukua muda. Aliporudi kwenye gogo na kujikung'uta, nilivua kofia taratibu. Mferejini palikuwa na tone dogo, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nililivuta kwa mrija mwembamba wa kioo, nikaufunga, nikauweka kwapani ndani ya koti ili usipoe.

Hakutaka niondoke. Aliokota kijiti, akakileta mpaka miguuni pangu, akakiweka, akanitazama. Nilikichukua. Nilikuwa nakichukua kila mara. Nilikwenda kukiweka kwenye kiota chake kwenye kona, juu ya vijiti vingine vyote alivyowahi kuniletea.

Nje, Gwamaka alikuwa anateremsha mitungi ya naitrojeni kutoka kwenye pikipiki. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea baridi kutoka mjini, maana pale kituoni hatukuwa na mtambo wa kuitengeneza.

"Shemeji ameamkaje?" aliuliza.

"Ameamka."

"Ananisalimia?"

"Hajakutaja."

"Bado ana kinyongo. Mwambie ile siku nilikuwa nakupokea ndoo tu. Mtu anapokea ndoo anang'olewa kofia na nusu ya sikio. Mume gani ana wivu hivyo?"

Nilicheka kidogo nikiangalia chini. Gwamaka alikuwa na desturi ya kusubiri nicheke ndipo aendelee na kazi. Lakini tone lilikuwa linapoa. Nikaenda zangu.

Dokta Nsubili aliliweka chini ya darubini, akainama. Alianzia kwenye uhimilishaji wa ng'ombe, kuwapandikiza mbegu, kabla hajaletwa huku kwetu kwenye ndege, na mpaka wakati ule akifikiri alikuwa anapapasa meza kana kwamba anampapasa ng'ombe.

"Mbegu zinakimbia?" nikauliza.

"Zinatambaa." Aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. "Na za kwenye mtungi ndiyo hivyo hivyo. Jana nimeyeyusha mrija mmoja wa mwaka juzi. Nusu zimekatika mikia."

Ng'ombe, mbegu yake inavumilia. Unaigandisha leo, unaiyeyusha mjukuu wako akiwa mtu mzima, na ndama anazaliwa. Ndege sivyo. Dawa ile ile inayoilinda mbegu isipasuke kwenye baridi ndiyo inayoizuia kuingia kwenye yai. Ukiiosha dawa, mbegu inachoka. Ukiiacha, haifiki. Dokta alikuwa ametengeneza dawa yake mwenyewe kwa utomvu wa mti wa mlimani unaostahimili jalidi, na kwa hiyo dawa ndiyo kituo kilikuwa kimesimama. Lakini hata yeye alikuwa anasema mtungi unakopesha tu muda. Kila baada ya miaka lazima apatikane dume hai wa kuujaza upya.

Na dume hai wa kutoa mbegu alikuwa mmoja.

"Amezeeka, Tusajigwe," Dokta alisema. "Huu ndio msimu wake wa mwisho."

*

Mimi sikuziona nyakati za sumu. Mama ndiye aliyekuwa akinisimulia. Panya walikuwa wamezidi kwenye viazi na ngano, watu wakamwaga sumu. Panya wakafa. Ndege waliokula wale panya wakafa nao, tai, mwewe, kozi, bundi, mpaka anga la Matamba likabaki na kunguru peke yao. Baadaye panya wakarudi. Zikaletwa ndege za betri za kuwawinda. Panya wakajifunza mlio wa betri, wakawa wanaingia shimoni wanausubiri upite.

Ndipo kilipojengwa kituo chetu, chenye mtungi mmoja wa mbegu zilizowahi kuchukuliwa kabla anga halijanyamaza.

Vifaranga wetu tuliwagawa mafungu mawili. Wengi walikuwa wa soksi. Hao walilishwa na mkono uliovishwa soksi yenye kichwa cha ndege, nyuma ya pazia, hawaoni mtu wala kusikia mtu. Walipopata manyoya tuliwafungulia. Waliwinda vizuri. Wakulima walikuwa wanawapigania, kila kijiji kinataka wake. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujenga kiota. Waliruka, wakala panya, wakazeeka, wakafa, kila mmoja kwenye nguzo yake. Soksi ilikuwa imewafundisha kula. Haikuwafundisha kitu kingine. Kwa hiyo kila mwaka tulitengeneza wengine.

Na kila kizazi, mmoja alikuwa wa kofia. Huyo alifungua macho akakuta uso wa mtu. Uso unaoingia siku zile za mwanzo hautoki tena. Akikua, hamtaki ndege. Anamtaka yule mtu. Anamjengea, anamwitia, anamtulia kichwani, na hapo ndipo mbegu inapopatikana bila kumshika wala kumuumiza. Hakuwahi kufunguliwa. Angekwenda wapi?

Wangu nilimlea nikiwa msichana mdogo. Niliambiwa nimlishe na nimtazame, basi nikamlisha na kumtazama. Nilipomwacha mara moja kwenda kumuuguza mama, nilirudi nikamkuta ameng'oa manyoya yote ya kifuani, ngozi imebaki nyekundu kama kuku wa sokoni. Tangu hapo sikulala nje ya kituo. Harusi ya dada yangu niliisikia kwenye simu, ngoma na vigelegele, mimi nimekaa kwenye ndoo nje ya banda, na yeye ndani ananiita.

*

Msimu ule majike wa soksi tuliowabakiza kituoni na kuwapandikiza mbegu walitaga, na Dokta akayapitisha mayai kwenye taa ya kuyakagulia. Ile taa ilikuwa inaonyesha ndani ya ganda, hadi dume na jike, kama unavyoona samaki kwenye maji maangavu. Yai la kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. Mengine damu ilikuwa imekauka. Mwisho likabaki moja, na ndani yake kitu kilikuwa kinapigapiga.

"Dume," Dokta alisema. Alikaa chini. Sikuwahi kumwona akikaa wakati wa kazi. "Huyu ni wa kofia, mdogo wangu. Utamlea wewe. Kuanzia leo lala na mashine ya kutotolea, uongee naye akiwa humo humo, azoee sauti yako."

"Na yule mzee?"

"Yule amemaliza."

"Ataniona nikilea mwingine."

"Huyu akikaribia kuanguliwa tutamhamishia yule banda la bondeni. Hatakuona."

Mimi si mtu wa kujibu. Nikibishana huwa nasikia masikio yanawaka, halafu maneno yote yanakimbia. Lakini Dokta alinijua.

"Sema."

"Huyu mdogo naye, akizeeka?"

"Tutakuwa tumepata mwingine wa kofia."

"Na huyo mwingine, Dokta?"

Alipapasa meza. "Unafikiri mimi silali nikiwaza hayo? Mtungi ukiisha hakuna wa soksi. Wa soksi wasipokuwepo, nenda kamwambie mama yako avune nini. Nipe njia nyingine, nitaifuata."

Sikuwa na njia nyingine. Nililala kwenye mkeka karibu na mashine. Usiku mmoja, siku za kuanguliwa zilipokaribia, nilianza kusikia kitu kikilia ndani ya ganda, sauti nyembamba sana, kikinyamaza kisha kikilia tena. Nilitakiwa nijibu. Nilifungua mdomo. Nikafikiria kwamba nikijibu, huyu atakuja kukaa kwenye gogo akiwa anatazama mlango, siku zake zote, akimsubiri mtu aingie amevaa koti. Nikafunga mdomo.

Kulipokucha nilivaa koti la kijani bila kofia. Nilitoa yai, nikaliweka tumboni ndani ya sweta, nikaenda bandani kwake.

Aliinama. Mimi sikuinama. Nilikwenda kwenye kile kiota cha kona, nikapiga magoti, nikaliweka yai katikati ya vijiti vyake, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Alishuka. Alilizunguka yai kwa miguu, akiinua kucha juu juu kama anayekanyaga tope. Akanitazama mimi, akalitazama yai, akanitazama tena. Kisha akakunja vidole vyake ndani, kama mtu anayefumba ngumi ili asimkwaruze mtoto, akalikalia.

Nilitoka na kufunga mlango. Nilikaa kwenye ile ndoo nikalia, sijui kwa nini hasa.

*

Dokta alipogundua, kifaranga alikuwa ameshatoka kwenye ganda. Hakunipigia kelele. Ingekuwa heri. Alichukua wavu, akafungua banda, na yule mzee akamrukia usoni kabla hajavuka kizingiti. Alitoka ameshika nyusi, damu inapita kati ya vidole.

"Nikiingia na wavu atamkanyaga mtoto," alisema. "Ni wewe tu anayekuruhusu. Ingia umchukue."

"Dokta, ngoja kidogo. Macho hayajafunguka vizuri. Akimwona huyu mzee kwanza..."

"Akimwona huyu, hatakuwa wa kofia."

"Na hatakuwa wa soksi. Hatujawahi kuwa na aliyelelewa na ndege. Hata mmoja. Labda huyo ndiye atakayejenga."

"Labda." Alijifuta kwa mkono wa koti. "Umeuweka mtungi mzima kwenye labda."

Alikuwa sahihi, na nilijua. Sikuweza kumwangalia.

Siku ya kwanza kifaranga hahitaji kula, kiini cha yai kinamtosha. Siku ya pili alianza kulia. Nilimsukumia mzee panya kupitia dirisha dogo la chakula. Yule mzee akamchukua kwa mguu, akampeleka mpaka kiotani, na mimi na Dokta tukasogea kwenye wavu wa banda, tumebanana bega kwa bega, tukisubiri amrarue panya ili amlishe mtoto.

Hakumrarua. Alisimama juu ya kifaranga amemshika panya. Kifaranga aliinua shingo, ikayumba, mdomo wazi. Mzee akamtazama. Kisha akageuka, akaja na panya mpaka kwenye wavu, pale niliposimama mimi, akamweka chini. Akaita.

Mwanzoni sikuelewa. Dokta ndiye aliyeelewa, akashusha pumzi.

"Kwao dume analeta," alisema polepole. "Jike ndiye anayekatakata na kulisha. Anamletea mke wake."

Mimi nililifikiria yai na kiota, nikafikiria macho. Hili sikulifikiria. Nilimfanya baba bila kukumbuka kwamba yeye alikuwa anajihesabu ana mke.

Aliita tena. Alimsogeza panya kwa mdomo, karibu zaidi na wavu, kama mtu anayemsogezea mwenzake sahani. Nyuma yake kifaranga alikuwa analia, na kila akilia sauti ilikuwa inapungua. Mzee akaenda kumtazama, akarudi kwangu. Akaenda, akarudi.

"Ingia," Dokta alisema. Sasa hakuwa na hasira. "Tusajigwe, ingia. Mlishe au mtoe, lolote, lakini ingia. Atakufa hivi hivi mbele yetu."

Nilishika komeo. Nilikuwa na kisu mfukoni, ningemkata yule panya vipande vidogo, ningemlisha kwa vidole kama nilivyomlisha baba yake. Ningekuwa nimemwokoa. Yangekuwa yale yale, na hakuna ambaye angenilaumu.

Yule mzee aliposikia komeo likigusana na chuma alinyamaza. Alisimama wima, manyoya yamelala vizuri, ananingojea.

Ndipo nikaona. Hakuwa mjinga wa kulisha. Alikuwa na mtu wa kumsubiri, basi.

"Mimi nikiwepo hatalisha," nikasema.

"Na usipokuwepo?"

"Sijui."

"Hujui."

"Ndiyo, Dokta. Sijui."

Niliachia komeo. Nikavua koti la kijani, nikalikunja, nikampa. "Usilitundike anapoweza kuliona," nilimwambia. Dokta alilipokea kwa mikono miwili. Alionekana kama anataka kunishika bega, ila mikono ilikuwa imejaa.

Nilipogeuka mzee aliita. Nilipita jiko, nikapita kibanda cha mitungi, nikatoka getini. Barabara ya Matamba inateremka kupitia mashamba ya pareto, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikuwa naona miguu yangu na mawe mawili matatu mbele, basi. Lakini sauti ukungu hauizuii. Aliniita kama anavyoniita siku nikichelewa. Kisha akaniita kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu alipokuwa kifaranga mwenyewe, ile ya njaa. Nilitaka kukimbia, nikaogopa kukimbia, nikaogopa kwamba nikikimbia nitageuka. Nilitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Nilikuwa bila koti na baridi ilikuwa inaniingia kwenye mbavu, nami nikaiacha iingie.

*

Mama hakuniuliza kitu. Alinipa jembe.

Gwamaka alifika mchana wa siku iliyofuata. Nilimsikia kabla sijamwona, akimsalimu mama pale njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yuko kule chini. Hali, hasemi. Ukimwangushia hilo neno lako, liangushe taratibu."

Alikuja mpaka mwisho wa tuta nililokuwa nalilima. Alikaa juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza hakuanza na shemeji.

"Dokta amenituma," alisema. "Mtoto anakula."

Niliendelea kulima.

"Jana aliendelea kukuita mpaka sauti ikamkauka. Dokta alikuwa amekaa kwenye ile ndoo yako, ameshika tama, mimi nilidhani kuna msiba. Halafu akanyamaza. Akarudi kiotani. Akawa anamdonoadonoa yule panya, sio kwa kula, ni kama anamchezea. Kikatoka kipande. Kikamnata mdomoni. Akainama, yule mdogo akakinyakua." Alionyesha kwa vidole, vidogo kabisa. "Basi. Baada ya hapo hakuacha. Leo asubuhi amekasirika kwa nini tumechelewa kumpa wa pili."

"Manyoya anang'oa?"

"Hang'oi. Hana nafasi."

"Na Dokta?"

"Amemwagia mirija yote iliyobaki dawa mpya. Anasema anatafuta itakayoiacha mbegu ifike kwenye yai. Hana uhakika." Aliokota udongo, akausaga mkononi. "Anasema kingine. Usirudi. Si kwamba amekufukuza, alinisisitiza niseme hivyo. Akikuona atakusubiri tena, na mtoto atakaa na njaa. Mpaka huyo mdogo aruke. Na hata baada ya hapo, anasema, labda ni bora asikuone."

"Tangu jana jioni," nikauliza, "ameniita tena?"

Gwamaka alikuwa mtu wa utani, uongo mdogo ungemjia kirahisi, na nilimwona akiufikiria.

"Hapana," alisema. "Hajakuita tena."

Nilitikisa kichwa kuonyesha nimesikia.

"Si ndiyo ulivyotaka?"

"Ndiyo nilivyotaka."

"Sasa mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, Gwamaka. Nipe mgongo kidogo."

Aligeuka bila kuuliza. Alipanda juu mpaka kwenye pikipiki yake, akachuchumaa, akaanza kukagua tairi moja baada ya jingine, lote, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.